Asiyerushiwa Jiwe

Saa moja kasorobo, ukingoni mwa bwawa la Hombolo.
Foibe kashika darubini, mimi daftari,
Sekwao chupa ya chai na ubishi wake.
"Kidenenda," anasema.
Kidenenda yupi?
Wapo chungu nzima, wote kahawia, wote wana michirizi mgongoni
kama sare za shule zilizofuliwa kwa maji ya tope.

Mkia: mfupi. Au aliukunja.
Miguu: ya waridi. Au ni jua hili linalopenya matete?
Sauti: tik, tik, kisha kimya,
msumari uliogoma kuingia.

Heroe hana shida, hata dereva wa lori la kokoto anamjua.
Huyu kiduchu ndiye anayetunyima usingizi tangu Jumanne.

Nyuma yetu, juu ya ulingo,
Matika anaamia uwele wa shangazi yake,
kombeo begani.
"Mnamtaka yule? Yule hali punje.
Huchokoa viwavi huko chini,
akipanda hewani anapiga mabawa kama mtu anayepepeta.
Simrushii jiwe."

Anaitwaje?
Anapandisha mabega. "Si nimeshawaambia?"

Sekwao anacheka, halafu hacheki.
Naandika: mkia, miguu, tik tik,
hupepeta, harushiwi jiwe.
Mahali pa jina nimepaacha wazi.

Matika kaomba darubini, dakika moja tu.
Jua limefika utosini.
Kwelea wameshaingia shambani,
wanakula,
na yeye bado anamtazama mmoja.