Deni la Pumzi

Julai, Naumbu. Chupa ya mafuta ya nazi
imeganda dirishani, nyeupe kama nta.
Ya dagaa bado inayumba, inanuka,
na kanga yangu haijatakata tangu Jumatano.

Mabwawa matatu, mwatiko mia kila moja.
Pumba ni zilezile, mkono ni uleule,
kilichotofautiana ni kijiko:
hawa nazi, hawa dagaa,
na wale wa upande wa mikoko mafuta ya ufuta
aliyoniletea shemeji Chilumba toka Ruangwa,
akinidai bei ya mnadani kana kwamba mimi si ndugu.

Mto wa kupimia niliuunda mwenyewe:
bomba la inchi nane, kioo ubavuni,
pampu ya bustani ya shule.
Unamtia samaki, unafungulia maji yamjie usoni.
Haendi popote. Kazi yake ni kutorudi nyuma.
Nami nimepiga magoti na simu yenye ufa, nahesabu
dakika, na mkia, na mkia,
mpaka wavu wa nyuma umguse
naye aukubali.

Wa nazi: dakika kumi na tisa.
Wa ufuta: thelathini na moja, na mmoja wao
alitaka kuruka nje aniulize kosa lake.
Wa dagaa, nilichoka mimi kwanza.
Nikaliandika na hilo: mpimaji kachoka.

Ila kuogelea si habari yote.
Habari iko baadaye, ndani ya ndoo yenye kifuniko,
pale mwili umetulia na matamvua hayajatulia.
Alichokitumia bila kuwa nacho
anakilipa sasa, funda kwa funda.
Wa nazi walilipa hadi adhuhuri.
Niliwapasua wawili: ini limepauka, limenona,
akiba tele isiyofunguka,
kama ghala la korosho
ambalo mwenye ufunguo kasafiri Masasi.

Kumbe mafuta si kuni tu.
Mengine hujenga kuta za nyama yenyewe,
na ukuta ulioganda kwa baridi ya alfajiri
hauna haraka ya kumfungulia mtu,
hata moyo ubishe hodi vipi.

Kisha bamvua.
Usiku maji yalikula tuta la mbele,
mabwawa matatu yakawa bahari moja kwa saa mbili.
Mwatiko hupenda kuyaendea maji yanayoingia;
wa dagaa waliyaendea, wakapita, wakaenda zao.
Wa ufuta, nusu kwa nusu.
Wa nazi walikuwa palepale, wamejikunyata penye tope.

Bwana Likomanje wa kikundi alihesabu mara mbili,
akavua kofia, akaivaa tena.
"Somoe, nani alikutuma
kumfundisha mfugo kukimbia?"
Daftari langu halikuwa na safu ya swali hilo.
Wanunuzi wa mjini walikuja Ijumaa,
wakawabonyeza wa nazi matumbo, wakacheka kwa furaha,
wakalipa bila kuomba punguzo.

Jioni napanda kilima cha kwetu na ndoo mbili.
Miaka mitatu nyuma sikuwa nasimama.
Sasa nasimama penye nguzo ya umeme,
nazitua ndoo, nashika kiuno,
na bila mtu kunishikia saa
naanza kulipa.