Safu ya Saba

Ofisi ya mizigo, stesheni ya Miskolc, Februari,
theluji imegeuka tope kwenye ngazi,
nami nimetumwa kutoka Budapest
na barua yenye neno moja la maana: rahisisha.

Bi Piroska hakugeuka kunitazama.
Alikuwa anaita behewa.
Herufi za kijani juu ya weusi,
na vidole vyake: F nane, mbili, mbili, Ingiza,
sifuri nne, F kumi na mbili, Ingiza.
Skrini haijamaliza kupepesa,
keshajua behewa liko wapi, limebeba nini,
na nani hajalipia.
Nilihesabu sekunde tatu.

Nikamuuliza, mbona mbili mara mbili?
Akasema, ya kwanza ni mbili.
Ya pili ni ya Lajos,
aliyeiandika programu mwaka sabini na nane,
akakosea, akastaafu, akafa,
na kosa lake tunalipalilia kama kaburi.

Mashine yenyewe sijawahi kuiona.
Iko chini ya jengo, nyuma ya milango miwili ya chuma,
inanguruma usiku na mchana
na hakuna mwenye ujasiri wa kuizima.
Sikutumwa kuigusa.
Nilitumwa kuivalisha uso.

Basi nikauchora uso:
kisanduku kimoja cha kutafutia,
kitufe kimoja cha buluu,
ramani, na vibehewa vinavyotambaa juu yake.
Skrini kumi na tisa zikawa moja.
Kijana Bence, wiki ya pili kazini,
aliyekuwa akijifungia msalani na daftari la misimbo,
akalipata behewa lake la kwanza bila kuuliza mtu
akacheka kama aliyeokota pochi.

Bi Piroska alisimama nyuma yetu,
miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.
"Na safu ya saba iko wapi?"

Safu ya saba. Maelezo ya ziada.
Niliipitia: tupu, tupu, tupu,
mara K, mara nukta, tena tupu,
takataka za miaka arobaini.
Nilikuwa nimeifagia.

Akavuta kiti.
"K ni *kerék*. Gurudumu.
Linalia ukivuka mwendo wa hamsini, usilipeleke milimani.
Nukta ni mlango unaojifungua.
Nukta mbili
ni mlango uliowahi kumfungukia mtu."

Wanasema ya kale hayanuki.
Haya yalinuka breki iliyoungua.

"Nani aliwaagiza muandike hapo?"
"Magda wa zamu ya usiku alianza. Baada ya yule mtu.
Hapakuwa na pengine pa kuandika,
Lajos alituachia nafasi ya herufi tano."

Tulikaa mpaka wafagiaji wakaja.
Yeye akitaja, mimi nikiandika, kwa kalamu, kwenye karatasi:
alama thelathini na moja.
Mbili kati ya hizo hata yeye hazikumbuki,
na wa kumuuliza hayupo.
Nimeziacha kama zilivyo, na alama ya kuuliza kando yake.

Sasa ukurasa wangu safi una kovu la rangi ya chungwa:
GURUDUMU. MLANGO. MLANGO, MTU ALIUMIA.
Mkubwa wangu alipiga simu:
mbona umeijaza tena?
Nikamwambia ilikuwa imejaa tangu mwanzo,
ni mimi niliyekuwa sijajua kusoma.

Machi tukaizima skrini ya kijani.
Hakuna aliyehutubu. Bence alileta keki ya mbegu za mpopi.
Bi Piroska anashika kipanya
kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga cha jirani,
lakini anafika.

Jana simu iliita, Záhony wanauliza behewa la mbao.
Mkono wa kulia ukasukuma kipanya polepole.
Wa kushoto ulikuwa mezani, karibu na chai,
nao ukagonga mbao tupu:
F nane, mbili,
halafu, taratibu zaidi,
mbili.