Ripoti ya Paundi Mia Nne na Themanini

Kwa afisa wa ruzuku ndogondogo,
ghorofa ya pili, halmashauri ya jiji, Hull.

Fomu yenu imenipa kisanduku kimoja:
maneno mia na hamsini, yasizidi.
Nimejaribu mara tatu. Yanazidi.
Basi ile fupi nitaituma kesho;
hii ndefu nabaki nayo.

Mliuliza, fedha zimetumikaje?
Ziliingia Jumanne, siku ya ile mvua ya hapa
isiyoanguka, inayokuja ikitembea ubavuni.
Maureen alipiga ukelele barazani kama aliyepata mjukuu.
Mia nne na themanini!
Kuna watu hapa mjini huzila kwa chajio kimoja.
Sisi tulikuwa na uchochoro nyuma ya nyumba:
godoro lililolowa, friji isiyo na mlango,
na giza ambalo watoto walilipa jina.
Walikuwa wakiliita Bwana Norman.

Paundi sitini na mbili, kukodi pipa kubwa la taka.
Themanini na moja, taa nne zinazolishwa na jua,
jua la Hull, nalo pia ni ruzuku ndogo:
unaomba, unangoja, unajibiwa Agosti.
Udongo magunia kumi na mawili.
Birika moja. Birika mliliuliza sana.
Nasema tena: bila chai hakuna mkutano,
na bila mkutano godoro lingekuwapo mpaka leo.

Mbao alitoa Zbigniew, bure.
Bure haina mahali kwenye fomu;
mnataka mchango wa wanakikundi, kwa paundi.
Nikamwuliza mgongo wake unauma kwa bei gani kwa saa.
Akacheka mpaka akajitupa kwenye benchi
kabla rangi haijakauka.
Ile suruali ina mistari ya kijani hadi leo.
Yaandikeni hayo kwenye matokeo, yanapimika:
mistari mitano.

Wanufaika, idadi.
Niliandika thelathini na wanne.
Clifford wa namba tisa akanigongea mlango:
“Mimi nifute. Sijamwomba mtu kitu.”
Nikamfuta. Thelathini na watatu.
Kila jioni anatoka na mkebe
kumwagilia maharage ambayo hakuyaomba,
na akiniona anatazama juu,
kama anayekagua mawingu.

Risiti zimo zote kwenye bati la biskuti,
ila moja. Skrubu. Paundi tatu na peni arobaini.
Mtasema ni kidogo.
Kule Uvira, mama yangu alikuwa kwenye kikundi cha akina mama,
kila mmoja na sabuni yake, na chumvi yake, na zamu yake.
Mweka hazina alikula zamu ya mtu.
Mama hakumtukana, hakumshitaki.
Aliacha kumsalimia,
miaka kumi na mmoja, kisima kimoja, njia moja.
Mimi ndiye niliyebeba ndoo katikati yao.
Kwa hiyo usiku ule sikulala.
Nilipekua mifuko, nikapekua pipa,
nikapekua hata mfuko wa mashine ya kufagilia.
Asubuhi nikafungua bati,
nikakuta sarafu tano juu ya karatasi.
Hakuna aliyesema.
Zilinuka giligilani, na jirani yangu Shilan
alikuwa jikoni kwake, dirisha wazi,
anakata, anakata, hageuki.

Swali la mwisho: mngefanya nini tofauti?
Tungeliweka benchi mbali na dirisha la Maureen.
Sasa anasikia siri zote za vijana,
na sisi wengine hatupumziki kusimuliwa.
Tungenunua skrubu ndefu zaidi.
Bwana Norman watoto hawamtaji tena,
isipokuwa mdogo wao, aliyeuliza kahamia wapi.

Zimebaki peni sabini na mbili.
Kanuni ya saba inasema zirudishwe.
Stempu ni ghali kuliko hizo.
Nimezifunga kwenye karatasi, nimeandika jina lenu juu.
Naomba maelekezo.