Kipimo cha Tano

Jumatatu tulipigilia kigingi cha kwanza
hatua nne kutoka ukingoni.
Alhamisi tulikikuta kinaning'inia kwa uzi wake
juu ya korongo, kama jino la mtoto
anayekataa kung'olewa.

Masika haya mto umejifunza kupanda.
Unakula kwa chini, kimya, kama mchwa,
kisha alfajiri unasikia ukuta ukishuka.
Si kishindo. Kikohozi tu,
na maji yanateremka mekundu kuelekea Moshi mjini
ambako hakuna atakayeuliza wekundu ni wa nini.

Kazi yangu ni kushika fimbo wima.
Lyatuu anasoma, Zuhura anaandika.
"Urefu uliobaki: mita kumi na tisa."
Baada ya chai: "Kumi na saba na nusu."
Zuhura hafuti. Anaandika namba juu ya namba
mpaka ukurasa nao umeingia nyufa.

Mawe yamepangwa bila chokaa,
kila jiwe limeegemea bega la jirani.
Waliojenga waliwaogopa watu wa ng'ambo ya mto.
Mto wenyewe hawakuuogopa.
Walichota maji humo, wakaosha watoto.

Penye kona limesimama sale moja,
mizizi imefumbata udongo kwa ukali.
Ukiondoa hilo, sijui tungepima nini.

Ndipo akapita Apaikunda, mwenye kihamba,
mzigo wa majani ya migomba kichwani.
"Mnatafuta mawe ya ngome?
Hayo ni makombo. Njooni nyumbani."

Nyuma ya jiko, banda la nguruwe.
Baba mkwe wake aliyabeba mgongoni,
jiwe moja kila jioni akitoka shambani,
akayapanga vilevile, bega kwa bega,
hata tundu la mshale akalirudisha mahali pake.
Pua yenye unyevu ilitutazama kupitia hapo.

Lyatuu alivua kofia. Nilidhani atafoka.
Akafuta miwani, akasema, "Lete fimbo."

Kipimo cha tano: mita sita na robo.
Kimo: kiunoni. Hali: imara.
Zuhura akasita kwenye safu ya "matumizi ya sasa",
kisha akaandika, bila kucheka.

Apaikunda alikuwa amesimama nyuma yake,
anasoma herufi moja moja.
"Na mlango uchore," akasema.
"Mlango nilinunua mwenyewe."