Nambari ya Gari

Shekuwe, unakikumbuka kile kisanduku chekundu?
Bi Zamzam ameuza mifuko sita ya saruji,
programu ya wakubwa inamkodolea macho:
Jaza nambari ya gari la mzigo.
Bila nambari haihifadhi, bila kuhifadhi hakuna risiti,
na mlangoni punda anatafuna boksi la misumari.

Mwaka wa tatu huo karani anaandika
nambari ya Probox ya shemeji yake wa Kisauni.
Kwa mujibu wa hesabu, gari lile
limekatiza vichochoro vya Mkomani mara elfu moja mia nne na kitu,
pale ambapo watu wawili wakikutana
mmoja hujibana ukutani mwenzake apite.

Tulicheka mpaka ukaketi juu ya kopo la rangi.
Kisha ukanyamaza.
Hii, ukasema, ndiyo biashara yetu.

Chumba juu ya fundi cherehani, meza moja,
kompyuta mbili, na yako kitufe cha N kimekufa.
Kila penye N ulinakili, ukabandika.
Nikakutania: ndiyo maana mteja wetu wa kwanza ni Zamzam.
Leseni ya wakubwa hulipwa kwa dola,
kwa kila kichwa, kila mwezi;
sisi tulitoza shilingi, kwa duka zima,
na mwezi wenyewe tuliungoja uandame.

Ukurasa wa deni tuliuandika kama tulivyofunzwa chuoni:
jina, kiasi, tarehe ya kulipa.
Bi Zamzam akaisukuma skrini kwa kidole chenye hina:
"Wayua, mwanangu, deni la hapa halina tarehe.
Lina wenyewe."
Tukafuta. Wiki tatu za kazi, tukafuta.

Usiku wa kuamkia Maulidi
programu yetu ikazidisha madeni yote kwa mbili.
Mjane wa fundi Athumani, aliyedaiwa mia tatu ya rangi,
akaletewa ujumbe wa mia sita, akalia mbele ya wageni.
Asubuhi ulishika orodha ukaenda mlango kwa mlango,
mia na nane, kuomba radhi.
Wakubwa wana nambari ya simu inayopiga muziki.
Sisi tulikuwa na miguu yako.

Halafu wakakuita wao.
Ghorofa ya kumi na nne, Nairobi, bima ya familia nzima.
Sikukulaumu, na hili nalisema mara ya pili
kwa sababu mara ya kwanza nililisema vibaya.
Mama yako alikuwa akisafishwa damu Mombasa,
na figo hazingoji toleo jipya.
Uliniachia hisa zako kwenye bahasha ya khaki,
na ile kompyuta isiyo na N.

Jana wakala wao amekuja, shati limemganda mgongoni.
Bi Zamzam akaniita nishuhudie.
Kisanduku cha gari si chekundu tena.
Ukikigusa kinafunguka: lori, pikipiki, mashua,
na chini kabisa, punda.
Punda, na nukta mbele yake,
kama unavyomaliza wewe kila neno, hata lisilohitaji.
Nilijua mkono wako.
Sijui niuite wizi au salamu.

"Na deni?" Bi Zamzam akamuuliza.
Wakala akabonyeza. Tarehe ya kulipa: lazima.
"Toleo lijalo, mama," akasema, "tunalishughulikia."
Akanigeukia mimi, Bi Zamzam, akangoja.
Nami nina maduka kumi na moja,
na bili ya seva ya mwezi wa pili sijailipa.
Nikaangalia nje. Punda alikuwa amemaliza boksi.

Sikuandikii kukudai chochote.
Lakini ikiwa ni wewe, Shekuwe,
watakayempa kazi ya kile kisanduku cha deni,
nawe unajua vizuri kuliko wote pale
kinavyopaswa kuwa,
basi kiache chekundu.
Mwaka mmoja tu. Kiache.