Nukta ya Septemba

Hapa Makambako, kila Oktoba,
mashine hukohoa wino tangu alfajiri,
nami ndiye mpanga tarehe za mwaka ujao.
Nyekundu kwa Desemba tisa,
nyekundu kwa Aprili ishirini na sita,
nyekundu Saba Saba, nyekundu Nane Nane:
siku ambazo nchi hukaa kitako ikajikumbuka,
ikajipigia na mizinga.

Safari hii Septemba ni nyeusi tupu.

Mama, Twilumba binti Chengula,
hakujua kusoma, ila alijua kuuliza.
Asubuhi ile ya mwaka sabini na nne
lori liliposimama katikati ya pareto yetu
alimgeukia mgambo, kijana
wa koti pana kuliko mabega yake:
"Leo tarehe ngapi?"
Hakuuliza tunapelekwa wapi.
Kijana akahesabu vidole.
"Ishirini na moja."
"Ya mwezi gani?"
"Wa tisa, mama. Panda."

Tukapanda: jiwe la kusagia,
mtetea na vifaranga vyake,
blanketi moja, mimi.
Mianzi ya baba haikupanda,
wala kaburi lake.
Nyuma yetu paa la nyasi likatiwa moto
asiwepo wa kurudi,
na moshi ukashinda bondeni
ukijifanya ukungu.

Sitasema uongo. Kijiji kipya
kilikuwa na bomba, siku nyingine lina maji,
na darasa la fito, na mwalimu Mgaya
aliyenishika mkono mpaka herufi zikanyooka.
Bila lori lile nisingezipanga siku za watu.
Deni hilo nalijua. Nalo lina tarehe yake,
ile ile.

Kila mwaka mama alichukua kaa la jikoni
akaiweka alama ishirini na moja
kwenye kalenda ya ushirika, chini ya picha ya ng'ombe.
Wageni wakamuuliza: kuna harusi? Kuna matanga?
"Kuna siku," alijibu,
akaendelea kumenya viazi.

Alituacha Machi, ulanzi ukiwa mtamu.

Basi sampuli ikifika mezani kwangu,
kando ya ile namba
naacha nukta, ndogo kama yai la chawa.
Nakala elfu tatu: madukani, zahanati,
ofisi ya kata, ukutani kwa mkuu wa kituo.

Bosi Mwalongo huivalia miwani.
"Hapa pana vumbi?"
"Wino tu," nasema. "Umedondoka."
Anaikwangua kwa ukucha.
Haitoki.