Ukurasa wa Kumi na Tisa

Alibisha hodi saa tatu asubuhi, theluji mabegani,
mwanamke wa makamo, faili kwapani:
Kapteni Beaulieu, Zimamoto, mji wa Duluth.
Nikadhani nyumba ya mtu inaungua.
La, akasema, nimekuja kuuliza habari za kijana wa jirani.

Nilimpa kahawa. Akakishika kikombe, asinywe.

Watu mia mbili na kumi na mmoja, akanieleza,
wameomba nafasi sita.
Wamefanya mtihani kwenye ukumbi wa shule,
wamepanda ngazi zisizofika popote,
kilo thelathini na nne kifuani,
wameburuta mpira wa maji, wamevunja mlango kwa nyundo
huku saa iko mkononi mwa mtu asiyetabasamu.
Daktari ameyasikiliza mapafu yao.
Sasa ni zamu ya majirani.

"Corwin Laine umemjua tangu lini?"
Tangu yumo tumboni.
"Mlevi?" La.
"Mgomvi?" Agombane na nani?
Mtaa huu una wazee na kunguru.

Sikumwambia ninavyomwona alfajiri,
kabla gari la theluji halijapita,
akiburuta mtu wa magunia
aliyemjaza mchanga na vipande vya zulia,
akamvika koti la marehemu babu yake;
kinyumenyume, mgongo umepinda,
pumzi inamtoka kama birika.
Jumanne moja walianguka wote wawili.
Akaliomba radhi gunia. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Umewahi kumwona akicheza na moto?"

Hapo kahawa ikanipalia.

Moto huzaa jivu, na jivu lile nililizoa mimi.
Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Banda langu,
ndani yake mtambo wa kufumia wa marehemu Solveig.
Kiberiti, gazeti, upepo wa ziwani.
Nilipotoka nilimkuta amesimama na ndoo tupu,
kiganja cha kushoto kimebabuka, machozi hayatoki.
Mtu wa bima alipokuja nikamwambia: waya.
Waya mbovu, wa zamani.
Miaka kumi na miwili nimeukalia waya huo.

Nikatazama dirishani. "Sikumbuki," nikasema.

Kusema uongo mbele ya mwanamke anayenyamaza
ni kazi sikuizoea.
Akafungua faili, akalamba kidole,
akasoma kwa sauti ile ile ya *mlevi* na *mgomvi*:
*Ukurasa wa kumi na tisa.
Je, umewahi kuwasha moto ukaharibu mali ya mtu?
Ndiyo. Banda la Bwana Arvid Nygaard.
Mlikuwa na mtambo wa mke wake.
Hakunipiga. Hakumwambia mama.
Mpaka leo sijui kwa nini.*

Niliona herufi zenyewe, kubwa kubwa,
kama za mtu aliyeandika na glavu mkononi.

"Kwa hiyo hukumbuki." Hakuwa anauliza.

"Ilikuwa Jumapili," nikasema. "Hapakuwa na waya."

Akaandika. Aliandika nini, sijui.
Mtahiniwa ni kijana, nikajiambia,
lakini fulana ya kilo thelathini na nne
niliivaa mimi, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe.

Machi wakamwita.
Mnara wa mazoezi uko nyuma ya bohari ya chumvi;
wiki kumi na sita, mkufunzi namsikia hadi barabarani.
Huwaziba barakoa kwa karatasi nyeusi
wajifunze nyumba kwa kuipapasa, ukuta hadi ukuta,
mkono wa kushoto usiachie.
Kisha huwasha majani makavu ndani ya chumba cha zege
na kuwafungia mlango.
Chini, huwaambia, chini zaidi,
mtazame anavyotembea darini.

Jioni Corwin hupita kwangu ananuka moshi.
Hatuzungumzi hayo.
Jana alisimama pale palipokuwa banda
(nyasi hazijaota sawasawa hata leo)
akauliza kama nitajenga jingine.
Mbao zipo, nikamjibu.

Akavua glavu, akaanza kuhesabu hatua,
kiganja cha kushoto kikipapasa hewa
mahali ulipokuwa ukuta.